Stara ya Nani?

Mwezi wa Mei mwaka 2024 sisi watu wa Mwambao tuligombana na watu wa Embu. Gavana wa Mombasa, Bwana Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta nazo zikafuata, na mara wakulima wa Mbeere wakapiga kelele kwamba wananyang'anywa riziki. Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha amri ile, naye Rais akasema haina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya nchi. Siku zile mabarazani kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine. Kila aliyekaa na kikombe chake cha kahawa alikuwa na la kusema juu ya vijana wetu wanaotafuna majani tangu adhuhuri hadi usiku wa manane, kazi hawana, na wake zao wanalia.

Niliyasikiliza yote hayo wala sikuyapinga, kwani mengi ni kweli. Lakini lilinishangaza jambo moja. Katika kelele zote zile hakuna aliyeuliza majani hayo yanafanya nini huko yanakotoka, kabla hayajafungwa na kupakiwa katika magari yale yanayokimbia kama yamepagawa. Mimi nilipata kuishi Meru miaka kadhaa kwa shughuli za biashara, nikapanda na kushuka baina ya Maua, Meru mjini, Chuka na Embu, nami naweza kusema kwamba fedha ya jani lile, liwe miraa ya Igembe au muguka wa Mbeere, nayo ina bibi harusi wake. Na bibi harusi huyo mara nyingi ni mtoto.

Mambo yenyewe huenda hivi. Mti wa miraa una matawi membamba, na mvulana mwepesi wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne hupanda bila kuyavunja. Humwita alfajiri, akachuma, akalipwa fedha taslimu siku ile ile. Mvulana akishaonja fedha yake mwenyewe, mwalimu ana nini tena cha kumwambia? Huacha shule, akajijengea kijumba cha mbao karibu na cha mamake, akanunua redio na simu, na akiwa na miaka kumi na minane, pengine hata kabla, anajiona mtu mzima asiyepungukiwa na kitu isipokuwa mke. Mke atamtafuta wapi? Atamtafuta pale pale alipoondoka yeye, darasani, miongoni mwa wasichana ambao baba zao wameshindwa na karo, ambao nauli yao na sabuni yao ni kazi kuipata, na ambao shilingi mia mbili za mchuma miraa ni fedha nyingi.

Si lazima aanze kwa kuposa. Huanza kwa soda na chapati. Baadaye msichana anaonekana mzito. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Meru, katika kila wasichana mia wenye umri wa miaka 15 hadi 19, ishirini na wanne walikuwa wamekwisha kushika mimba. Kwa Kenya nzima hesabu ni kumi na watano. Nyeri, ambayo nayo iko chini ya mlima ule ule, ni watano tu. Naomba msomaji asiipite haraka hesabu hiyo ya Nyeri, kwa sababu inafunga mlango wa maneno mengi ya kipuuzi juu ya tabia za watu wa bara. Mlima ni mmoja na lugha zao ni ndugu, lakini hali za mabinti zao zimeachana sana.

Hata ndani ya Meru na Embu zenyewe mambo hayalingani. Huko juu, penye majani ya chai na kahawa, nilivyoona mimi, binti humaliza shule na mamake humsimamia. Ukishuka kuelekea Tharaka na Mbeere, mahali pa joto, mawe na mvua za kubahatisha, ndipo unapokuta msichana aliyetolewa ili nyumba ipungukiwe na mdomo mmoja. Na soko la majani likitetereka, mambo huzidi. Uingereza iliifungia miraa mwaka 2014. Somalia ikaacha kuipokea Machi 2020 hadi Julai 2022, na shule nazo zikafungwa kwa ugonjwa wa korona tangu Machi hiyo hiyo, watoto wengi wasirudi madarasani hadi Januari 2021. Ikawa fedha ikija, mvulana anaoa. Fedha ikikatika, baba anaoza. Msichana ndiye anayelipa kwa hali zote mbili.

Sisi huku hupenda kusema, "Ah, hizo ni mila zao." Tukishasema hivyo tunajiona tumemaliza, maana mila ni za mwingine na sisi tuna dini. Basi na tuulize: mila ipi?

Mila ya Wameru wa zamani haikuoza watoto. Kijana alikuwa apitie rika lake, atumikie ujana wake wa kulinda nchi, ndipo wazee wamruhusu kutafuta mke, na mahari ya ng'ombe, kondoo na asali haikupatikana kwa mwezi mmoja. Msichana naye hakupashwa tohara mpaka amekua, karibu na kuolewa kwake. Tohara ile ilikuwa tangazo kwamba huyu sasa ni mwanamke. Sitaki kuipamba tohara hiyo. Ilikuwa ni ukatili juu ya mwili wa mwanamke, na mwaka 2011 sheria ya Kenya imeifanya kuwa jinai, vyema kabisa. Nasema tu kwamba ilikuwa na wakati wake, na wakati huo haukuwa utotoni.

Aliyeushusha wakati huo ni nani? Hapa ndipo historia inapochekesha na kuliza. Katika miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji ya Embu na Meru yalianza kutoa amri za kuipunguza makali tohara ya wasichana. Lakini maofisa wa Kiingereza walikuwa na wasiwasi mwingine: msichana aliyepata mimba kabla ya kutahiriwa alihesabiwa kuwa mkosi, na mimba yake ilitolewa. Maofisa wakaona dawa ni kuwatahiri mapema, kabla hawajavunja ungo, ili mimba ikiingia isiwe mwiko. Katika miaka ya 1930 serikali yenyewe ikawahimiza watu watahiri watoto wadogo, pengine kwa nguvu na kwa makundi. Mwanahistoria wa Kimarekani, Lynn Thomas, ameyachimbua hayo katika majalada ya serikali na katika vinywa vya wazee wa Meru. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipozaliwa fitina yote: alama ya utu uzima ikawekwa juu ya mtoto. Watu wakaendelea kuisoma alama ile kama walivyozoea, kwamba aliyenayo yuko tayari kwa mume.

Baadaye serikali hiyo hiyo ikageuka. Mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari, baraza kuu la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana mbele ya macho ya maofisa. Nini kilifuata? Wasichana walinunua nyembe madukani wakaingia vichakani kukatana wao kwa wao. Watu wakawaita Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika muda wa miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, mama zao na baba zao, walishitakiwa kwa kuivunja amri ya Njuri. Wazee walitoa amri, na watoto wakaijibu kwa wembe. Nalitaja hili kwa sababu bado wako kati yetu wanaoamini kwamba tangazo moja la chifu au la serikali litazikomesha ndoa za watoto.

Basi kama si mila, ni nini kinachomtoa msichana mwenye mimba kutoka kwa babake na kumweka katika kile kijumba cha mbao? Ni kikao. Hiki nimekishuhudia, si mara moja. Wazee wa pande mbili hukutana, chai hunywewa, huzungumzwa mbuzi, pengine wawili, pengine watano, na ahadi ya ng'ombe huko mbele. Husemwa kwamba kijana hakukataa, kijana ni muungwana, atamchukua. Kisha huulizwa kama kuna mwenye neno. Msichana hayupo, yuko jikoni akichemsha ile chai. Wakiondoka husema, "Tumelimaliza nyumbani." Kikao hicho hakina jina la jinai. Kinaitwa mapatano.

Lakini kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kujamiiana, mtu aliyemwingilia mtoto wa miaka 12 hadi 15 anastahili kifungo kisichopungua miaka 20, na wa miaka 16 na 17 kisichopungua miaka 15. Na sheria hiyo inasema kwamba uamuzi wa kuiacha kesi si wa baba, wala wa mzee wa ukoo, wala wa askari wa kituoni. Ni wa mkuu wa mashtaka wa serikali. Maana yake, wale wazee wanaokunywa chai wanauza kitu kisicho chao. Ndoa yenyewe nayo ni kosa: sheria ya ndoa ya mwaka 2014 inataka miaka 18 kwa wote wawili, na anayemwoa aliye chini ya hapo anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili.

Sheria nzuri hizo. Swali ni nani atakayezipeleka kijijini. Hili swali liliulizwa Meru, na walioliuliza ni watoto. Tarehe 11 Oktoba 2012, siku ambayo ulimwengu uliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya mtoto wa kike, wasichana kumi na mmoja walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Meru pamoja na shirika la Ripples International, ambalo lilikuwa likiwahifadhi wasichana walionajisiwa. Hawakuwashitaki wale waliowanajisi. Walimshitaki mkuu wa polisi. Walisema: tulipiga ripoti, nanyi hamkupeleleza. Shauri lile likajulikana kama la "wasichana 160", kwa hesabu ya wale waliokuwa wamesaidiwa na shirika wakati ule.

Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliwapa haki. Alisema polisi walishindwa kufanya uchunguzi wa haraka, wa maana na wa kitaalamu, kwamba kwa uzembe huo walijenga hali ya wahalifu kutoogopa, na kwamba kwa hiyo nao wanabeba sehemu ya madhara yaliyowapata watoto wale. Akaamuru mashtaka yao yachunguzwe kama inavyotakiwa. Sijui kama sisi tuliipa hukumu ile uzito wake. Kesi ilikuwa ya unajisi, si ya ndoa, lakini ndoa nyingi za watoto nilizoziona huko zilianza kama kesi ya unajisi ambayo haikuandikwa. Baba anayekwenda kituoni akaambiwa alete fedha ya mafuta ya gari, au alete shahidi aliyeona kwa macho, atarudi nyumbani akamtafuta mzee wa ukoo. Askari aliyezembea ndiye mshenga wa kwanza wa ndoa ile.

Na mwisho wa ndoa ile ni nini? Mwili wa msichana wa miaka kumi na minne haujamaliza kujijenga. Nyonga zake ni nyembamba. Akishikwa na uchungu, mtoto huweza kukwama siku mbili, tatu. Wengine hupata kifafa cha mimba. Wengine mtoto hufa tumboni, na mama akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kujizuia mchana na usiku, hata yule mume wa kijumba cha mbao akamtimua kwa harufu. Ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji, lakini msichana aliyefichwa hajui kama unatibika. Anadhani ni laana yake peke yake. Walio na bahati huzaa salama, na wakifika miaka ishirini wana watoto watatu, kazi ya kuchuma majani ya watu, na mume aliyekwisha kuoa mwingine.

Sasa nirudi kwetu, maana sikuandika haya ili tukae vibarazani tuwahukumu watu wa Meru. Sisi hatuna mbuzi. Sisi tuna neno zuri kuliko mbuzi: stara. Binti akiharibikiwa, au akidhaniwa tu kwamba ataharibikiwa, husemwa na asitiriwe. Nikahi hufungwa usiku, watu sita sebuleni, halua ndogo, na asubuhi majirani huambiwa kwamba fulani kaolewa. Hakuna anayeuliza umri. Hakuna anayeuliza yule bwana harusi alifanya nini kabla ya kuwa bwana harusi. Kikao cha Igembe na kikao cha sebuleni kwetu ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni ubani.

Nauliza: stara ya nani? Baba amesitirika, kwani hatachekwa msikitini. Mwanamume amesitirika kuliko wote, kwani jela imemgeukia ikawa chumba cha harusi. Msichana ndiye aliyefanywa pazia. Tena pazia huliwa na jua.

Najua watakaoniambia kwamba sharia haikutaja umri, na kwamba ubaleghe unatosha. Mimi si mwanachuoni, lakini tumesomeshwa sote vyuoni. Katika Surat An-Nisaa, aya ya sita, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie wakati wa kuoa, kisha wawakabidhi mali zao wakiwaona wana busara. Ikiwa mali haikabidhiwi mpaka ionekane busara, seuze nafsi na tumbo la uzazi! Nani asiyeijua habari ya Khansaa binti Khidam, aliyeozwa na babake hali hataki, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na ndoa ile ikavunjwa? Na wanaodhani kwamba kuweka umri ni uzushi wa Wazungu, na wakumbuke kwamba dola ya Waturuki, makao ya ukhalifa, iliandika sheria ya ndoa mwaka 1917 ikaweka miaka 18 kwa mwanamume na 17 kwa mwanamke, na aliye chini ya hapo ikamtaka kadhi aridhike kwanza. Walioiandika walikuwa ni maulamaa na wanasheria wa Kiislamu, wakiswali kibla hiki hiki.

Wako pia wanaokikimbilia kile kifungu cha sheria ya ndoa kinachowapa Waislamu nafasi ya kufuata dini yao, wakakifanya mlango wa nyuma. Lakini sheria ya watoto ya mwaka 2022 imemlinda kila mtoto, haikuuliza anaswali wapi.

Lifanywe nini? Huko Meru nimeona vitu viwili vyenye mashiko. Cha kwanza ni cha Tharaka, mahali paitwapo Gatunga, ambako mwaka 1996 akina mama wa Maendeleo ya Wanawake na wenzao walianzisha Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana kama thelathini wa mwanzo waliwekwa ndani kwa siku kadhaa, wakafundishwa mwili wao, heshima na kujilinda, kisha wakatolewa kwa ngoma na zawadi bila ya kukatwa. Msomaji wa Mwambao atalielewa mara moja jambo hilo, kwani nasi tulikuwa na somo, mwanamke anayemchukua mwari akamfunda. Tulimwacha somo wapi? Siku hizi tunamwita wiki ya harusi tu, wakati mambo yamekwisha kuamuliwa. Angeitwa mapema, miaka minne au mitano kabla ya harusi, angekuwa na kazi kubwa zaidi ya kusinga na kutia hina.

Cha pili ni shule kumpokea tena msichana aliyezaa. Serikali imeruhusu jambo hilo tangu 1994, na bado wako walimu wakuu wanaomtazama mama mdogo kana kwamba ataambukiza darasa zima. Ndoa nyingi zinafungwa kwa sababu baba haoni njia nyingine: shule imekwisha, basi na aolewe. Ukimwonyesha njia ya pili, mbuzi wale wanapungua thamani. Nchini kote sehemu ya wanawake vijana walioolewa kabla ya miaka 18 ilikuwa asilimia 23 mwaka 2014, na mwaka 2022 ikawa 13. Haikushuka kwa hotuba. Wasichana walibaki madarasani.

Ama kwetu, mimi sina mamlaka ya kufungua kituo cha polisi wala kujenga shule. Nilimwendea imamu wa msikiti wetu nikamwomba jambo dogo: kabla ya kusoma khutba ya nikahi, aombe cheti cha kuzaliwa cha binti, na kama hakipo, asisome. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniambia watu watasema anawadhania vibaya, na kwamba wataondoka wakamtafute shehe mwingine mtaa wa pili. Nikamwuliza kama tuende sote wawili kwa huyo wa mtaa wa pili. Tumepanga Jumamosi, baada ya Alasiri.